Silinda Moja: Pikipiki ya Mwingereza Vitani na Nyumbani



Nitaanza na nyinyi vijana wa Kyela mlio vijiweni pembeni mwa barabara mkingoja abiria, na nawaanzia kwa swali. Je, umewahi kujiuliza kwa nini pikipiki unayopakia kila siku gunia la mpunga, mkungu wa ndizi, kakao iliyokaushwa au abiria anayekimbilia mpakani Kasumulu, ina silinda moja tu, ilhali wahandisi wa dunia walikwisha kujua, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, namna ya kuunda mashine za silinda mbili na za silinda nne, zenye mbio kuliko hiyo na mngurumo laini kuliko huo? Jibu la swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo, nalo si jibu la neno moja, kwa sababu limepitia viwanda vya Birmingham huko Uingereza, likapitia vita kuu mbili, likapita hapa hapa petu, katika tope la pwani ya Nyasa na katika mlima wa kwendea Tukuyu.

Nitazungumza hasa juu ya pikipiki moja, iitwayo BSA M20, ambayo baadhi ya wazee wanaonisikiliza huenda wakaikumbuka kwa sauti yake kabla ya kuikumbuka kwa sura. Herufi hizo tatu ni kifupi cha jina la kampuni iliyoanzishwa na mafundi wa bunduki wa mji wa Birmingham mwaka 1861, na alama yake, iliyobandikwa ubavuni mwa tangi la mafuta, ilikuwa bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Kwa hiyo msistaajabu mkisikia kwamba chombo hiki kilikwenda vitani, kwani kilizaliwa katika nyumba ya silaha. La kustaajabisha zaidi, kwa maoni yangu, ni jinsi kilivyotoka vitani kikawa mtumishi wa raia, akiwatumikia mhubiri, bwana shamba na mganga kwa uaminifu ule ule aliomtumikia nao jemadari.

Sasa, tafadhali, nivumilieni kidogo niwaonyeshe mashine yenyewe kwa karibu, maana asiyeijua mashine hawezi kuielewa historia yake.

M20 ilibuniwa na mhandisi Val Page, ikatoka kiwandani kwa mwaka 1937. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 496, yaani nusu lita kasoro kidogo, na ujazo huo wote umo ndani ya silinda moja iliyosimama wima, yenye pistoni moja pana iendayo safari ndefu juu na chini. Vali zake mbili haziko juu ya kichwa cha silinda, bali ziko pembeni, na namna hiyo ya kuziweka, ingawa huipunguzia injini mbio, huipunguzia pia vifaa vya kuchakaa na vya kuvunjika. Mgandamizo wake ni mdogo, kwa hiyo haichagui mafuta. Petroli hafifu ambayo ingeikohoza mashine ya fahari, hii iliinywa ikaendelea na safari. Cheche yake inatoka kwenye magineto inayozungushwa na injini yenyewe, basi hata betri ikifa, au hata ikikosekana kabisa, pikipiki huwaka. Gia zake, ambazo ni nne, zimo ndani ya kasha lao peke yao, mbali na injini, ili fundi akitaka kutibu gia asilazimike kuipasua injini. Nyuma haina springi hata moja, isipokuwa zile zilizo chini ya kiti cha mpandaji, na uzito wake unakaribia kilo 170.

Tena nataka muione ikiwashwa. Mpandaji hufungua kwanza koki ya mafuta chini ya tangi, kisha hubonyeza kitufe kidogo kilicho kwenye kabureta mpaka petroli itokeze na kumlowesha ncha ya kidole, ndipo ajue kwamba chumba kimejaa. Kwenye usukani kuna mkono mdogo wa kuiwahisha au kuichelewesha cheche. Huurudisha nyuma kidogo, kwani akiusahau, kiki humrudi kwa nguvu za kutegua kifundo cha mguu. Hukanyaga kiki polepole hadi ahisi pistoni imegoma juu, hubana mkono mwingine unaoinua vali ya moshi ili pistoni ivuke kilele chake pasipo ubishi, huuachia, halafu hukanyaga mara moja kwa uzito wote wa mwili. Akiwa amefuata utaratibu, mashine huitika, si kwa mlio wa haraka haraka, bali kwa pigo moja zito, na pigo jingine baada yake, kama mwanamke atwangaye peke yake kinuni, asiyekuwa na mwenziwe wa kumpokea mchi.

Mapigo hayo ya polepole ndiyo siri ya nguvu zake. Mashine ya silinda moja pana huvuta ikiwa chini, bila ya kupigiwa kelele, na mtu anayepanda kutoka mbuga za Kyela, ambazo hazizidi sana kimo cha ziwa, hadi Tukuyu iliyo juu zaidi kwa mita 1,000 na ushei, huhitaji uvutaji huo kuliko anavyohitaji mbio. Nasema tena, ili lisisahauliwe, kwa sababu ndilo shina la maneno yangu yote: fadhila ya chombo hiki haikuwa mbio. Ilikuwa urahisi wa umbo lake, na kukubali kwake kutengenezwa na mtu yeyote mwenye spana, akili na subira, mahali popote atakapokuwa, hata chini ya mwembe.

Na hapo nataka kuongeza jambo la pili, ambalo katika vitabu vingi vya Wazungu kuhusu pikipiki hulioni. Chombo hiki hakikufika kokote kwa nguvu zake peke yake. Mbele yake walikuwako watu waliolima barabara, na nyuma yake walikuwako watu waliobeba mafuta yake vichwani. Watu hao wengi wao walikuwa babu zetu.

Turudi basi kwenye vita ya kwanza. Mnajua kwamba vita ile ilifika kwetu mapema sana. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu huko Liuli kwa matengenezo, na tarehe 9 Septemba mwaka ule ule Wajerumani waliokuwa wamevuka mto Songwe wa mpakani walipigana na Waingereza huko Karonga. Kisha ukapita muda wa kutazamana mpakani, hadi mwishoni mwa Mei 1916, ambapo majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, moja ya safu zake ikipita hapa kwenye tambarare ya ziwa, njia ya Ipyana, na kabla mwezi haujaisha Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, ikawa imeshikwa.

Wakati huo huo, upande wa kaskazini wa nchi, Jenerali Smuts alikuwa akiingia na jeshi kubwa, na ndani ya jeshi hilo kilikuwamo kikosi kizima cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Kwa nini pikipiki? Kwa sababu farasi walikuwa wakifa. Mbung'o hakuogopa cheo cha mtu wala gharama ya mnyama, na maelfu kwa maelfu ya farasi na nyumbu walioletwa kwa vita ile waliteketea kwa maradhi ya nagana. Chuma hakiumwi na mbung'o. Lakini chuma nacho kilikuwa na adui wake hapa Afrika ya Mashariki, naye ni mvua ya masika. Mwezi wa Aprili 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer yalipofika Kondoa, mvua zilikata njia nyuma yao, magari yakazama katika matope, na askari wakashinda na njaa katikati ya ushindi wao wenyewe.

Nani basi aliyewafikishia chakula na risasi? Mpagazi. Na nani aliyeifikishia mashine petroli yake mahali ambapo gari halikuweza kupita? Mpagazi huyo huyo. Petroli zama zile ilisafirishwa kwa madebe ya bati, kila debe galoni nne, yaani lita 18, na madebe mawili yalitiwa katika sanduku moja la mbao. Nanyi mnaobeba maji au mpunga kichwani mnajua bila ya kuelezwa uzito wa mzigo kama huo unavyogeuka baada ya mwendo wa nusu siku. Hesabuni pamoja nami. Pikipiki ya silinda moja kama M20 huenda, kwa kadiri, kilomita ishirini kwa lita moja ya mafuta. Debe moja lingeitosha kutoka hapa Kyela kwenda Mbeya na kurudi, na akiba ikabaki. Safari hiyo mpandaji huimaliza kwa siku moja; mpagazi aliyebeba debe angeikamilisha kwa muda wa wiki nzima na zaidi, kwa miguu isiyo na viatu, akilala alipochwewa.

Upande wa Waingereza peke yao waliandikwa wapagazi wapatao milioni moja katika vita ile, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia, Kongo na katika nchi yetu hii yenyewe kila ilipotekwa sehemu yake, na waliokufa, kwa kiasi kinachokubaliwa na wenye kuhesabu, ni zaidi ya 90,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu na uchovu. Ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi, waliitwa tenga-tenga. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, na hilo ni jema, lakini aliyechongwa kwa shaba ni askari mwenye bunduki. Mwenye debe kichwani hakuchongwa. Mimi naliona jambo hilo kuwa ni deni, na ninalisema kwa uchungu.

Hayo madebe hayakupotea, wasikilizaji wangu. Mafuta yalipokwisha, debe lilifuatwa na kazi nyingine, likateka maji, likaezeka banda, likapikiwa pombe, na likawa kipimo cha soko, hata leo mkulima wa Kyela anapouza mpunga huulizwa anauza debe kwa bei gani. Kila mara nisikiapo swali hilo sokoni huwakumbuka wale waliolibeba likiwa limejaa petroli.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa maana nafikia kisa ambacho, katika habari zote za pikipiki na vita katika sehemu zetu hizi, mimi hukipenda kupita vingine.

Mwaka 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani ambaye Waingereza walikuwa wamemfukuza miaka yote pasipo kumkamata, alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji mwishoni mwa Septemba, akaingia tena katika nchi hii. Katika mwezi wa Oktoba alipita Ubena, akawaacha huko wagonjwa wake pamoja na Jenerali Wahle, kisha akaizunguka ncha ya kaskazini ya ziwa letu, akipita huko juu kupitia Mbozi, huku sisi wa bondeni tukitenganishwa naye na safu za milima tu. Mwanzoni mwa Novemba akavuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, akajaribu kuiteka Fife akashindwa, akateremka na njia kuelekea kusini, na tarehe 9 Novemba akaishika Kasama.

Tarehe 11 Novemba, saa tano mchana, mizinga ilinyamaza Ulaya. Amani imepatikana. Lakini nani atakayewaambia watu walioko porini kati ya Kasama na mto Chambeshi? Siku ya tarehe 12 walikuwa bado wakipigana. Hata siku ya tarehe 13 risasi zilikuwa bado zikilia. Ndipo alipotokea mpanda pikipiki mmoja Mwingereza, aliyekuwa amepewa barua ya kuwapelekea wanajeshi wa Kiingereza habari ya kusimamishwa kwa vita, naye akapita Kasama bila kujua kwamba walioko huko ni maadui, akakamatwa na Wajerumani, yeye na mashine yake na habari yake. Lettow-Vorbeck mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa ametangulia kwa baisikeli kutafuta mahali pa kupiga kambi, ofisa wake mmoja akamfuata mbio na kumpasha kwamba mapatano yamefanyika, na kwamba habari hiyo wameipata kwa tarishi huyo. Siku iliyofuata, tarehe 14 Novemba, Hector Croad, hakimu wa Kasama, akamthibitishia rasmi huko Chambeshi, ambako hata leo liko jiwe la kumbukumbu. Na tarehe 25 Novemba 1918 Wajerumani wakaweka silaha chini huko Abercorn, mji tunaouita leo Mbala.

Fikirini jambo hilo. Vita iliyowala watu wa nchi hizi kwa miaka minne ilifika mwisho wake ikiwa imeandikwa katika kipande cha karatasi ndani ya mfuko wa mtu aliyepanda pikipiki. Kama angelichelewa siku mbili zaidi, ni wangapi wangelikufa kwa ajili ya vita ambayo kwa haki ilikwisha kufa? Na laiti angeliwahi siku mbili mbele, ni wangapi, askari na wapagazi, wangelirudi kwa mama zao? Ninaposikia watu wakizisifu pikipiki za vita kwa bunduki zilizofungwa juu yake, mimi humkumbuka tarishi huyo asiyetajwa jina, kwa kuwa kazi kubwa ya pikipiki jeshini, katika vita ya kwanza na ya pili, haikuwa kupiga bali kupeleka habari.

Ilipozuka vita ya pili mwaka 1939, jeshi la Uingereza likahitaji pikipiki kwa wingi usio mfano, na hapo ndipo M20 ilipopata sifa zake. Wako waliolalamika kwamba ni nzito, kwamba haina mbio, kwamba tumbo lake liko karibu mno na ardhi, na malalamiko hayo yote yalikuwa ya haki; walakini jeshi liliendelea kuiagiza, mpaka idadi ya zilizoundwa kwa ajili ya vita ikafika 126,000, na hakuna pikipiki nyingine ya Kiingereza iliyoundwa kwa wingi huo katika miaka ile. Zilikuwako na nyingine za silinda moja, kama Norton 16H, Matchless G3, Ariel na Royal Enfield, kila moja na wapenzi wake. Gharama yake kwa waundaji nayo isisahauliwe: usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Wajerumani zilikipiga mabomu kiwanda cha BSA kilichoko Small Heath, Birmingham, na wafanyakazi 53 waliokuwa zamu wakafa humo.

Katika jangwa la Misri na Libya, katika Italia na Ufaransa, M20 ilibeba matarishi. Na vijana wa kwetu? Vijana wa Tanganyika, Nyasaland, Kenya na Uganda walikwenda na King's African Rifles hadi Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za kusi, katika matope ambayo mtu wa Kyela peke yake angeweza kuyatazama bila mshangao. Si wote walioshika bunduki. Wengine walifundishwa udereva, wengine simu na ishara, wengine ufundi wa mitambo, wakajifunza kufungua kabureta, kusafisha plagi, kukaza mnyororo, kubadili pete za pistoni. Mtu alitoka kijijini akiwa hajapata kushika spana, akarudi mwaka 1946 akiwa fundi. Kwa maoni yangu hilo ndilo pato kubwa kuliko yote tuliyoyapata katika vita isiyokuwa yetu, wala si dogo.

Vita ilipokwisha, pikipiki zikavuliwa magwanda. Zile za jeshi, zilizopakwa rangi ya kaki na ya majani, ziliuzwa kwa raia kwa bei nafuu, zikapakwa rangi nyeusi, zikapewa kazi za amani. Kiwanda kiliendelea kuunda M20 mpya hadi mwaka 1955, na ndugu yake mkubwa, M21, mwenye injini ya sentimita za ujazo 591, aliendelea hadi mwaka 1963, akivuta vigari vya pembeni, na huko Uingereza wakaguzi wa chama cha wenye magari wakimtumia barabarani kuwasaidia waliokwama. Kwa mwenye mfuko mwembamba zaidi ilitokea BSA Bantam mwaka 1948, ya sentimita za ujazo 125 tu, na nasaba yake ni ya ajabu: michoro yake ilikuwa ya pikipiki ya Kijerumani, DKW, iliyochukuliwa kwa Wajerumani kuwa fidia ya vita. Silinda moja tena.

Na huku kwetu, wakati Kyela ingali sehemu ya wilaya ya Rungwe, tazameni nchi jinsi ilivyokuwa: mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikifurika kila masika, makanisa na shule za misheni zilizotawanyika tangu miaka ya 1890, mashamba ya mpunga bondeni na kahawa na chai mlimani, mizigo ya meli ikishuka Mwaya. Gari kubwa lilikuwa ghali na lilikwama. Baisikeli ilichosha mlimani. Chombo cha katikati ya hivyo viwili kilikuwa kinatakiwa, na pikipiki ya silinda moja ikawa ndicho. Bwana shamba angeweza kuitumia kukagua mpunga asubuhi na kahawa jioni. Mhubiri angeweza kusalisha mahali pawili kwa Jumapili moja. Mganga angeweza kumfikia mzazi mwenye uchungu kabla jua halijachwa. Palipokuwa na mto usio na daraja, palikuwa na mtumbwi na mabega ya wanaume wanne. Palipokuwa na kilima cha utelezi, watoto wa kijiji walisukuma kwa furaha, wakilipwa kwa kupigiwa honi.

Nataka mtambue hapo, kwa mara nyingine, jambo lile nililolisema mwanzo. Sifa zile zile zilizoifanya ifae vitani ndizo zilizoifanya ifae Kyela. Mafuta hafifu: sawa. Betri imekufa: sawa. Fundi yuko mbali: mwenyewe atafungua, ataona, atafunga. Jeshi lilitaka mashine ambayo kijana aliyefundishwa kwa majuma machache ataweza kuitunza usiku, mvuani, pasipo taa nzuri. Na mwanakijiji, bila ya kuulizwa na mtu, alikuwa akitaka mashine hiyo hiyo.

Mtauliza: viwanda hivyo viko wapi leo? BSA ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikazidiwa na mashine za Kijapani zilizokuwa safi, nyepesi, zisizovuja oili, na zenye stata ya umeme ambayo haikumtegua mtu mguu. Nisingependa kuwadharau Wajapani kwa mapenzi ya kitu cha kale. Walishinda kwa haki. Lakini aina yenyewe haikufa, kwa kuwa ilikwisha kuhamia India. Serikali ya India ilikuwa imewaagizia askari wake Royal Enfield Bullet, pikipiki ya Kiingereza ya silinda moja, na tangu mwaka 1955 zikaanza kuunganishwa Madras, mji uitwao sasa Chennai, hata kiwanda cha Uingereza kilipofungwa, tawi likaishi pasipo shina, na mpaka leo linazaa. India ikawa nchi ya pikipiki za silinda moja, China nayo ikafuata, na huko ndiko zinakotoka hizi tulizonazo, Boxer na TVS na Sanlg na nyinginezo, zilizojaa vijiweni kuanzia Kasumulu hadi Matema.

Kwa hiyo, kijana wangu unayenisikiliza huku umekaa juu ya tangi la pikipiki yako, nakurudia wewe niliyekuanzia. Mashine yako ni ndogo kuliko M20, ni nyepesi kuliko M20, na vali zake zimepanda juu ya silinda badala ya kukaa pembeni. Mgandamizo wake ni mkubwa zaidi, na lita moja yako inakwenda mbali kuliko ya babu yake. Lakini silinda ni moja, kwa sababu ile ile. Ukiharibikiwa Ngonga, fundi wa Ngonga ataifungua. Pistoni ni moja ya kununua, kabureta ni moja ya kusafisha, plagi ni moja ya kubadili. Zingalikuwa nne, ungalilala hapo hapo.

Kabla sijawaaga, nina maombi mawili, na nawaomba myachukue kwa uzito, kwa kuwa muda wake unapita. La kwanza ni kwa wenye nyumba za zamani, na wenye maghala ya ushirika, misheni na maduka ya zamani. Kama ndani ya ghala lako mna chuma cha pikipiki ya kale kilicholala chini ya magunia, usikiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hujakitazama. Futa vumbi kwenye kasha la injini, chini kidogo ya silinda, uangalie herufi zilizogongwa hapo. Ukikuta W, M na tarakimu 20, jua kwamba umeshika mashine iliyoundwa kwa ajili ya vita ya pili, na kwamba vipuri vyake vingali vinapatikana duniani, kwani wanaozipenda ni wengi, na zilikuwa nyingi.

La pili ni kwa wale walio na wazee. Mwulize babu au bibi, jioni hii hii ikiwezekana, nani katika ukoo alichukuliwa upagazi katika vita ya kwanza, nani alikwenda Burma au Madagaska, nani alirudi na ufundi na nani hakurudi. Andika jina katika daftari, na kijiji, na alichobeba. Ukipenda, utuletee hapa studio, nasi tutayasoma majina hayo hewani katika vipindi vyetu vijavyo, mmoja mmoja, pasipo haraka.